Unga mweupe tezini: kwa nini boti ya aluminiamu huliwa na kuvuja, na namna ya kuitengeneza

Kiangazi kilichopita tuliivuta pwani boti yetu ya aluminiamu, yenye urefu wa mita 5 na umri unaokaribia miaka 30, ambayo hutuvusha baina ya Wete, Pemba, na kisiwa cha Fundo. Ilikuwa imefika hali ya kutovuka bila ya mtu mmoja kukaa na kopo akikumba maji njia nzima, ingawa tulikwishaziba kila tobo tulilolijua. Fundi akafungua bolti za tezini, yaani nyuma ya chombo, na kuutoa ubao unaobeba mashine. Ubao ulikuwa umeloa hadi ndani, na baina yake na bati palikuwa pamejaa unga mweupe wa majimaji, mfano wa machicha ya nazi yaliyolala. Niliukwangua kwa kijiti. Upande wa nje rangi ilionekana nzima, imevimba kidogo tu, lakini nilipoibonyeza kwa kucha ikapasuka, na mwanga wa jua ukapenya kwenye bati lililokuwa na unene wa milimita 3.

Boti za namna hii zimeanza kuonekana katika bandari zetu ndogo, nyingi zikiwa zimenunuliwa zikiwa kuukuu na kupita mikononi mwa watu kadhaa. Boti kubwa za mwendo kasi ziendazo Unguja na Dar es Salaam nazo ni za aluminiamu, lakini hizo zina mafundi wake maalumu na ukaguzi wake. Boti ndogo huangukia mikononi mwa mafundi walewale wanaotengeneza madau, mashua na ngalawa. Ni watu wenye ujuzi mkubwa, na sina haki ya kuwafundisha kazi yao. Lakini dawa kadhaa zinazoponya mbao huwa sumu kwa aluminiamu, na asiyeelewa kwa nini ataziba tobo moja leo na kuzua mengine matatu.

Aluminiamu haishiki kutu nyekundu kama chuma, na kwa hiyo watu hudhani kwamba haishiki kutu kabisa. Kwa kweli ni madini mepesi sana kuungana na oksijeni, na kinachoiokoa ni huko kuungana kwenyewe. Mara tu inapokutana na hewa hujivika ngozi nyembamba ya oksidi, ngozi ambayo hata tabaka 10,000 zikipangwa moja juu ya nyingine hazifikii unene wa unywele wa kawaida. Ngozi hiyo ni ngumu, haipitishi maji, na ikikwaruzwa hujirudisha papo hapo, madhali ipo oksijeni ya kuirudisha. Ndiyo maana boti iliyoachwa bila rangi, ikaloa na kukauka, ikapigwa na jua na upepo, inaweza kuishi miaka mingi ikiwa na sura mbaya ya kijivu lakini mwili mzima.

Ngozi hii ina maadui. Adui wa kwanza ni ukali wa namna zote mbili, wa asidi na wa alkali. Huhimili pale kipimo cha pH kinapokuwa baina ya 4 na 8.5 hivi, na maji ya bahari, yenye karibu 8.1, yamo ndani ya mpaka huo. Yeyote aliyepata kulaza ukwaju au kuchemshia magadi ndani ya sufuria ya aluminiamu ameliona jambo hili kwa macho yake: ukwaju huacha vidoto vilivyochimbika, na magadi huigeuza sufuria nyeusi. Adui wa pili ni chumvi, ambayo huivamia ngozi mahali ilipo dhaifu na kuchimba kijishimo. Kijishimo kikiwa wazi kwa hewa na maji yanayotembea, mara nyingi ngozi hujifunga tena. Kikiwa kimefunikwa na ubao ulioloa, sponji, mchanga au matope, oksijeni huisha, maji yaliyomo ndani yake huwa makali kama asidi, na shimo huzidi kwenda chini huku mdomo wake ukizibwa na ule unga mweupe.

Kwa hiyo unga mweupe ni mabaki ya bati lililokwisha kuliwa, na unachukua nafasi kubwa kuliko bati lenyewe, ndiyo maana husukuma rangi na kuivimbisha. Ukiona rangi imetuna kama lengelenge, usipake nyingine juu yake. Itoe. Sisi wa Wete tuna shida ya ziada, kwa kuwa boti zetu hulala juu ya matope meusi ya mikokoni kila maji yanapokupwa, na matope yanayoingia ndani hukaa chini ya sakafu kwa miezi bila ya mtu kuyaona. Sakafu ya boti ya aluminiamu inapaswa kufunguka. Iliyofungwa kwa kudumu, hata ingekuwa nzuri namna gani, ni kifuniko cha ugonjwa.

Kuna adui wa tatu, naye ndiye aliyeila tezi ya boti yetu. Madini mawili tofauti yakigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri: moja hubakia salama na jingine huliwa. Mafundi wa baharini wanajua mpangilio wake. Magnesiamu huliwa kabla ya zinki, zinki kabla ya aluminiamu, na aluminiamu huliwa ikikutana na chuma cha kawaida, na zaidi ikikutana na shaba au chuma cha pua. Bolti ya chuma cha pua iliyopitishwa moja kwa moja kwenye bati itabaki inang'aa, na bati litaliwa kuizunguka mpaka tundu lipanuke na maji yapite pembeni mwa bolti. Mtu huikaza zaidi akidhani imelegea, na hazibi chochote.

Shaba ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haihitaji hata kushikana na bati. Chembe zake zikiyeyuka katika maji hutua juu ya aluminiamu, na kila chembe huwa betri yake ndogo. Kipande cha waya kilichokatwa na kusahauliwa ngamani, yaani chini ndani ya chombo panapokusanyika maji, kinatosha kutoboa chini ya boti. Ingelikuwa hivyohivyo kwa ile pesa ya shaba ya Sayyid Barghash ya mwaka 1882, ambayo bado huonekana ikiuzwa Mji Mkongwe: idondoshe ndani ya ngama ya aluminiamu, iache humo, nayo itajichimbia kaburi na kutokea upande wa pili. Rangi nyingi za kuzuia viumbe wa baharini wasigande chini ya chombo nazo hutiwa shaba, na hizo zisipakwe kabisa kwenye boti ya aluminiamu, hata muuzaji akiapa. Zipo zilizotengenezwa bila shaba, na boti inayokaukiwa kila siku na kusuguliwa inaweza kukaa bila rangi hiyo.

Sasa nirudi kwenye ubao wetu. Miaka michache nyuma ule wa asili ulioza, tukanunua mwingine uliotiwa dawa, wenye rangi ya kijani kwa mbali, na aliyetuuzia alitusifia kwamba hauozi wala hauliwi na mchwa. Alisema kweli. Hakusema, na sidhani kama alijua, kwamba dawa hiyo ya kijani kwa kawaida huwa na shaba ndani yake. Tuliukandamiza ubao wenye shaba, uliolowa maji ya chumvi, juu ya bati tupu la aluminiamu, tukaukaza kwa bolti nane za chuma cha pua. Nikilikumbuka hilo huwa naona uchungu, maana tulifanya kazi kwa bidii na kwa fedha nyingi, na kila tulichokifanya kililiua bati.

Dawa nyingine yenye madhara ni chokaa. Vyombo vya mbao hupakwa deheni chini, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, na kwa mbao jambo hilo ni zuri sana. Chokaa mbichi ni alkali kali, yenye pH ipatayo 12, na ikikaa juu ya aluminiamu huivua ngozi yake na kuendelea kuila. Saruji mbichi ni hivyohivyo. Nimewahi kuona boti iliyomiminiwa saruji ngamani ili kuziba uvujaji. Ilikaa kimya msimu mmoja, kisha saruji ikang'oka kwa mtikisiko, ikatoka na sura ya bati chini yake. Siki, magadi na sabuni kali za kuondolea mafuta zisitumike kuoshea. Maji baridi mengi, yaani yasiyo ya chumvi, na sabuni ya kawaida yanatosha.

Umeme wa betri nao unastahili maneno machache, kwani unaweza kula kwa wiki kile ambacho chumvi ingekila kwa miaka. Waya chanya uliochunika na kulala ndani ya maji ya ngama, hasa ule wa pampu ya maji, hupitisha mkondo kwenye bati, na bati huyeyuka. Kipimo chake ni rahisi: zima kila kitu, fungua waya chanya kwenye betri, kisha weka mita ya umeme baina ya kichwa cha betri na waya huo, ikiwa imewekwa kupima ampea. Ikionesha mkondo ilhali hakuna kilichowashwa, kuna mahali unavuja, na utautafuta kwa kuchomoa waya mmoja baada ya mwingine mpaka mita irudi sifuri. Kila kifaa kiwe na nyaya zake mbili, na bati la boti lisitumiwe kamwe kuwa njia ya kurudishia umeme.

Baada ya kuyaelewa hayo ndipo mtu anaweza kuutafuta uvujaji. Wazee walisema tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa boti hii neno hilo ni kweli kwa maana yake ya wazi kabisa: maji yakiingia omo, yaani mbele, au yakiingia tezini, yote utayakuta mahali pamoja, nawe huwezi kujua yametokea wapi kwa kuyatazama yalipokusanyika. Njia iliyo bora ni kuyageuza. Subiri bamvua, yaani maji makubwa, uivute boti hadi juu maji yanapojaa kabisa, na utapata takriban wiki mbili za kufanya kazi kabla ya bamvua nyingine kuyafikisha maji hapo. Iegemeze vizuri kwa magogo chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na mbavuni, ikauke nje kabisa, kisha mimina maji baridi ndani kidogo kidogo. Usiijaze: mita moja ya ujazo wa maji ina uzito wa tani moja, na boti iliyoundwa kubebwa na bahari kutoka nje haikuundwa kubeba bahari ndani yake. Kina cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha. Jipinde chini na kalamu ya rangi, uweke alama kila panapotoa tone, na usubiri saa nzima, kwa sababu ribiti nyingine, yaani vile vipini vinavyounganisha bati na bati, hujifunua polepole.

Nyufa nyembamba ambazo maji hayazioni huonwa na mafuta ya taa. Upande wa nje paka chaki iliyosagwa na kuchanganywa na spiriti, iache ikauke iwe nyeupe, kisha ndani paka mafuta ya taa kwenye mshono. Mafuta hupita penye ufa usioonekana na kuacha mstari wa kijivu juu ya weupe wa chaki. Iwe chaki ya ubaoni, wala isiwe chokaa, kwa sababu tuliyoieleza, na moto uwe mbali.

Boti nyingi ndogo zimeunganishwa kwa ribiti, na uvujaji mwingi hutokea hapo. Mawimbi ya kusi yanapolipiga bati kwa miaka, ribiti hulegea, ingawa haijaliwa. Iliyolegea tu hukazwa tena: mtu mmoja hushikilia chuma kizito juu ya kichwa cha ribiti kwa nje, na mwingine huipiga mkia kwa ndani kwa nyundo, mapigo machache yenye kipimo. Sauti hubadilika inapokaza, kutoka mlio wa bati kuwa mlio mfupi mzito. Iliyochakaa, au yenye tundu lililopanuka, hutobolewa na kutolewa, na mahali pake huwekwa nyingine ya aluminiamu iliyo nene kidogo, ikiwa imepakwa gundi ya baharini ya poliyurethani kabla ya kupigwa. Ribiti zinazofungwa kwa kifaa cha mkono mfano wa bunduki, zinazouzwa madukani, nyingi zina tundu katikati na msumari wa chuma ndani yake. Zinazofaa ni zile zilizofungwa mwisho na zenye msumari wa aluminiamu. Silikoni inayonuka siki isitumiwe. Harufu hiyo ni asidi inayotoka inapokauka, na hukauka juu ya bati lako.

Baada ya kuzikaza ribiti, mshono mzima unaweza kupakwa epoksi laini kwa ndani, inayopenya kwenye mwanya. Kazi hiyo husimama au huanguka kwa usafi. Ngozi ya oksidi hurudi mara tu baada ya kusugua, na epoksi hushikilia vibaya juu ya ngozi iliyozeeka au yenye chumvi. Kwa hiyo fundi mzuri huosha kwa maji baridi, hukausha, husugua, hupaka epoksi nyembamba, kisha huisugua tena kwa msasa epoksi ikiwa bado mbichi, ili bati jipya lizaliwe chini ya epoksi bila kuonana na hewa. Brashi ya waya iwe ya chuma cha pua, na isiwe imewahi kusugua chuma cha kawaida, kwa kuwa vijichembe vya chuma hubaki katika bati na kuwa mwanzo wa vishimo. Gurudumu la grainda nalo liwe lake peke yake.

Ufa ni jambo jingine. Ufa hutokana na bati kupindapinda mahali pamoja, mara nyingi karibu na taruma, yaani mbavu za chombo, kwenye kona ya benchi au chini ya mashine iliyo nzito kuliko iliyokusudiwa. Kwanza toboa tundu dogo la milimita 3 kwenye kila ncha ya ufa, ili nguvu isiendelee kuurefusha, halafu ujiulize kwa nini sehemu hiyo inapinda. Ukiziba bila kuiimarisha, ufa utazaliwa kando ya kiraka.

Kuchomea kwa moto kunavutia, na fundi anayejua hutoa kazi isiyo na mfano. Lakini si kila anayechomea madirisha na mageti anaweza kuchomea boti. Aluminiamu safi huyeyuka kwa nyuzi 660 za Selsiasi, ilhali ngozi yake ya oksidi huyeyuka kwa zaidi ya nyuzi 2,000, kwa hiyo asiyeiondoa ngozi huyeyusha bati na kuliacha likiwa limefungwa ndani ya mfuko wake. Haliwi jekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo jicho lililozoea chuma hudanganyika. Lazima pawepo gesi ya argoni, na waya wa kuchomelea unaolingana na aloi ya boti, yaani mchanganyiko wa madini uliotumika kuiunda. Kwa bati za baharini zenye magnesiamu, kama aloi namba 5083, 5086 na 5052, waya wa namba 5356 hutumika sana. Bati kuukuu lililonywa chumvi hutoa povu na vitundu ndani ya mshono. Bati lililoliwa likawa jembamba halichomeleki, linakatwa.

Mahali pa kukata huwekwa kiraka, na kiraka kiwe cha aloi ya baharini. Sufuria iliyosubiwa kwa vyuma chakavu au bati la paa havifai, kwa sababu hujui kilichomo ndani yake, na aloi yenye shaba huoza haraka baharini. Kata sehemu yote mbovu hadi ufikie bati zima, zungusha kona zake zisiwe na pembe, kwa sababu ufa hupenda kuanzia kwenye pembe, kisha kiraka kilipite tundu kwa sentimita 4 hivi kila upande. Gundi hupakwa uso wote wa kugusana, na ribiti hupigwa zikiwa zimekaribiana, kila baada ya sentimita 2 au 3.

Tezini kwetu tulikata kipande chenye ukubwa wa sinia, tukaweka kiraka, na bati lote la hapo tukalipaka epoksi mara mbili. Ubao mpya tuliuunda kwa pliwudi ya baharini isiyotiwa dawa, tukaupaka epoksi pande zote pamoja na ndani ya kila tundu la bolti, maana maji huingilia hapo. Bolti ni zilezile za chuma cha pua, lakini sasa kila moja imevishwa mrija wa nailoni, ina washa ya plastiki chini ya kichwa, na imezungushiwa gundi, hivyo haigusi bati popote. Chini ya ubao tumeacha nafasi ya sentimita 1 ili maji yakiingia yapate pa kutokea.

Kilichobaki ni anodi, kile kipande cha madini kinachofungwa chini ya maji ili kiliwe kwa niaba ya boti. Mafundi wengi hukiita zinki, lakini kwa boti ya aluminiamu kilicho bora baharini ni cha aloi ya aluminiamu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Cha magnesiamu ni cha maji baridi. Katika bahari hutoa nguvu kupita kiasi, na nguvu ikizidi huzalisha alkali juu ya bati, likaliwa na kinga yake lenyewe. Anodi iguse bati tupu kwa bolti yake, nayo isipakwe rangi hata tone. Ikibaki nzima inang'aa baada ya miezi kadhaa ndani ya maji, haifanyi kazi, na sababu huwa ni rangi au uchafu nyuma yake. Ya kwetu tuliifunga mwishoni mwa kaskazi. Tulipoitazama kusi ilipotulia, uso wake ulikuwa umechimbika kama jiwe la mwambani, robo yake imekwenda, na nyuma ya ubao, nilipopitisha kidole katika ile nafasi ya sentimita 1, kidole kilitoka na maji na mchanga kidogo, bila ya unga.